Ng'ombe wa Mwashao

Masukulu, Rungwe
4 Februari 2024

Mpwa wangu Felista,

Ugonile. Ukiisoma barua hii ujue mkono ulioiandika ni mzima, na mwenye mkono ni mzima zaidi. Sijaugua tangu mwaka ule mvua ya mawe iliponikuta njia ya Kawetele, mawe yakanipiga kichwani yakapasuka yenyewe. Mke wangu Veronika anakusalimu sana. Amesimama nyuma yangu hapa na kikombe cha chai, anasema niandike na habari za kweli pia. Mama yako hajambo, ni goti tu linamsumbua kwa baridi hii. Upepo umelaza migomba mingi ya watu. Ya kwangu imeinama kidogo, ikafikiri, ikasimama.

Sasa jambo lenyewe. Ng'ombe wa rafiki yangu amezaa. Ndama jike, mweusi kama mama yake, ana baka jeupe kwenye paji la uso.

Mwambie Shao hivyo hivyo. Wewe mwenyewe ulisimama katikati yetu mwaka jana mwezi wa saba ukitafsiri, alipokuja na ule msafara wa Wachina wa chai. Wakubwa wa wilaya walimpa kinyago. Mimi nikasema mgeni hapewi mti. Nikamtoa ng'ombe zizini nikamkabidhi kamba mkononi mbele ya kamera zao. Na si ng'ombe wa kuokota, ni uzao wa wale wa mahari ya mama yako ambao marehemu baba alinigawia mimi. Akashika kamba, akasema kwa kinywa chako nimfugie mpaka atakaporudi. Na sisi unatujua. Ng'ombe wa rafiki ukimfuga, maziwa ni yako, ndama ni wake. Ukila ndama umemla rafiki. Nikamwongezea na jina, Mwashao, maana Shao peke yake lingekufa kwa baridi huku.

Na watu wasisahau gari lao lilipozama matopeni kule Lupepo. Tulilinyanyua mimi na yeye, wawili tu, dereva akiwa ndani anamenya ndizi.

Niandikie ana cheo gani sasa hivi. Watu wananiuliza sokoni. Nimewajibu ni wa pili kutoka juu, lakini Kasim muuza nyama anataka kujua juu ya nini.

Mimi mjomba wako,
Ambindwile Mwaisumo

*

Hosteli ya chuo, China
17 Machi 2024

Mjomba, shikamoo.

Barua imefika jana. Bahasha ilikuwa imelowa upande mmoja, nikajua imetoka nyumbani kweli. Mimi ni mzima. Ninashinda maabara na majani ya chai, usiku ninasoma. Mwambie mama goti alifunge kitambaa cha sufu, na kwamba Januari nikimaliza tu ninarudi. Msalimie na mkeo Veronika.

Umeuliza cheo chake. Nitakuandikia vizuri ili ukamjibu Kasim.

Wazazi wake walikuwa wachuma chai kwenye mlima mmoja kusini mwa jimbo hili. Aliniambia kwamba akiwa mtoto alifungiwa kikapu kiunoni kabla hajajua kuandika jina lake. Alianza ukarani kwenye kiwanda cha chai, akawa katibu wa chama hapo kiwandani, kisha mkuu wa wilaya, kisha meya. Mwaka jana alipokuja kwenu alikuwa makamu wa gavana. Mwezi uliopita amekuwa gavana. Jimbo lina watu karibu sawa na Tanzania nzima, mjomba. Akipita, barabara inafungwa.

Ile video ya kwako wanaionyesha kwenye ukumbi wa kuingilia ofisini kwake, kutwa nzima, kwenye kioo kikubwa. Unaonekana umeshika kamba unasema, "Huyu nimempa ng'ombe arobaini na bonde lote mpaka mtoni." Wageni wanasimama kuitazama. Wameandika chini: Urafiki wa kweli.

Kwenye sherehe ya mwaka mpya wao nilikuwa natafsiri. Akanivuta pembeni. "Ng'ombe wangu hajambo?" Nikamwambia ana mimba. Alicheka mpaka akaziba mdomo kwa mkono, kama mtu wa kijijini. Sasa nimemwambia na ya ndama. Amesema jina utampa wewe.

Mpwa wako,
Felista

*

Masukulu
21 Aprili 2024

Mpwa wangu,

Nyumbani wote salama, labda jirani tu ambaye ameumwa na wivu. Goti la mama yako linafunguka. Viazi vimetoka vingi, kimoja tumekila watu watano na kimebaki.

Barua yako niliifungulia sokoni ili nisirudie maneno. Nikaisoma hadi pale pa barabara kufungwa. Kasim akaacha kukata nyama. "Kwa hiyo Ambindwile, wewe rafiki yako ni gavana." Nikamwambia, "Gavana ni rafiki yangu, ndivyo inavyosemwa." Akasema, "Na wale ng'ombe arobaini mbona siwaoni malishoni, naona mmoja na kitoto chake?" Nikamwambia wengine wako mlimani, wanaogopa watu wa bucha. Watu wakacheka, naye akacheka, akaninyooshea kipande cha ini bure.

Kanisani sasa nakaa benchi la pili. Hakuna aliyeniambia nikae pale, lakini hakuna aliyenitoa pia. Vijana wananiita Mzee China. Juzi kuna bwana mmoja anayetaka udiwani alikuja hadi nyumbani, akakaa kwenye kigoda, akaniomba nimtaje kwa Mwashao. Nimemwambia nitaangalia nafasi.

Ndama nimempa jina Gavana, ingawa ni jike. Veronika anasema gavana gani anayenyonya. Nimemwambia wote wananyonya.

Naomba picha ya Mwashao, kubwa, ya kutundika ukutani. Nimeshapigilia msumari.

Mjomba wako

*

Masukulu
1 Septemba 2024

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Nimepita Posta ya Tukuyu mara kadhaa, yule binti wa dirishani akiniona tu anatikisa kichwa. Mama yako anauliza kama unakula. Hapa tumepatwa na msiba wa Jotham, yule aliyekuwa akiwapigia watoto filimbi wakienda shule. Tumemzika vizuri. Nilichimba kaburi peke yangu, wengine wakabaki kushangaa.

Picha hujatuma. Msumari umeanza kutu.

Ng'ombe amepandwa tena. Mwambie.

Mjomba wako

*

Hosteli ya chuo
3 Novemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Nilikuwa na shughuli. Poleni sana na msiba wa mzee Jotham. Ninakula. Baridi imeanza.

Mvua ya huku haina sauti kama ya nyumbani. Inanyesha tu.

Lango kuu la chuo chetu lilikuwa na maandishi makubwa ya shaba, aliyoyaandika kwa mkono wake mtu fulani unayemjua. Yameondolewa. Pale yalipokuwa jiwe limebaki jeupe, na bado yanasomeka. Watu wanapita bila kutazama. Mimi pia.

Picha sitaweza kuipata. Na nakuomba kwenye barua zako usiandike jina lake, wala habari za ng'ombe. Niandikie mambo ya nyumbani tu.

Felista

*

Masukulu
8 Desemba 2024

Felista,

Hatujambo. Kama habari za ng'ombe si mambo ya nyumbani, basi sijui nikuandikie nini. Nyumbani ni ng'ombe na migomba na mama yako. Migomba imezaa. Mama yako amefua mashuka ya kitanda chako na kuyakunja, anahesabu Januari.

Mimi si mtoto. Nimeishia darasa la tano lakini mwalimu alisema kichwa hiki kingefika mbali kama kisingekuwa na miguu ya kutoroka. Nimeelewa rafiki yangu ameanguka. Huku diwani akianguka anarudi shambani, tunamsalimia, anatujibu, msimu unaofuata anakuja kuazima jembe. Kama ameanguka hivyo mwambie aje. Nafasi ipo. Jembe lipo. Chai aliianza utotoni, hata kuichuma hatuna haja ya kumfundisha.

Au kuna kuanguka kwa namna nyingine?

Kasim ameniuliza habari zake. Nimemwambia yuko safarini.

Mjomba wako

*

Hosteli ya chuo
26 Januari 2025

Mjomba, shikamoo.

Barua hii nimempa Obed wa Kyimo, amemaliza masomo na anarudi. Atakukabidhi mkononi. Isome peke yako kwanza, halafu mama mwambie utakavyoona inafaa.

Salamu kwa wote. Mimi mwili mzima.

Alichukuliwa Septemba. Siku hiyo alikuwa aongoze mkutano. Watu wamekaa, na kiti cha katikati hakipo. Hakikuwa wazi, kilikuwa kimeondolewa, na viti vingine vimesogezwa ili pengo lisionekane. Mkutano ukaendelea. Jioni ikatoka habari fupi kwamba anachunguzwa, na kesho yake hakuna aliyelitaja jina lake tena, hata wale waliokuwa wanapokonyana begi lake. Ile video kwenye ukumbi walizima asubuhi.

Wanasema alipokea rushwa za wajenzi na kugawa viwanja vya serikali. Sijui. Huenda ni kweli. Nilikuwa natafsiri karamu, mjomba, nilikuwa naona sahani. Wanasema pia ana mali amezificha nchi za nje. Na ushahidi mmojawapo wa mali za nje ni wewe.

Wachunguzi wameniita mara nyingi. Ni watu wapole. Wananipa maji ya moto, wananionyesha video, wanasimamisha pale unaposema arobaini. "Hawa ng'ombe arobaini wako wapi? Bonde hili limeandikishwa kwa jina la nani? Nani anamsimamia mali yake huko?" Nawajibu ni maneno ya heshima ya kwetu. Wanaandika. Siku nyingine wanauliza yaleyale, kwa mpangilio uleule. Wanauliza pia kama ni mimi niliyekuwa kiungo, kwa kuwa niliyesimama katikati yenu ni mimi, na anayetunza mali ni mjomba wangu.

Kamera ilipowaka ukasema arobaini na bonde mpaka mtoni. Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Nilikuwa naona kamba moja na ng'ombe mmoja.

Pasipoti yangu wanayo wao. Masomo nimemaliza lakini siwezi kuondoka mpaka jambo hili lifungwe. Hawajaniambia lini.

Wanataka karatasi kutoka kijijini, yenye saini yako, ya shahidi, na mhuri wa mtendaji, kwamba mtu huyo hana ng'ombe Masukulu wala ardhi. Niliuliza kama tunaweza kuandika mmoja, ukweli ulivyo. Wakanong'ona. Wakasema mmoja ni mali, na ndama wake ni faida ya mali, na itabidi waanze upya kuuliza alitunzwa kwa makubaliano gani.

Kwa hiyo hata mmoja, mjomba. Najua ninachokuomba. Ng'ombe yule ni wa mahari ya mama.

Felista

*

Masukulu
16 Februari 2025

Mpwa wangu Felista,

Mama yako ni mzima. Nimemwambia chuo kimekuongezea muda kwa sababu una akili kupita wenzako. Amefurahi. Mashuka ameyarudisha kabatini.

Karatasi iko ndani ya bahasha hii. Nimeikunja mara moja tu ili mhuri usikatike.

Nilikwenda ofisi ya kijiji Alhamisi. Mtendaji wetu sasa ni Meshaki, kijana mzuri, ana kompyuta. Shahidi ilibidi awe mtu anayeyajua mazizi ya watu, kwa hiyo nikaenda na Kasim. Njiani sikumweleza kitu, nikamwambia ni mambo ya mpwa wangu.

Meshaki akauliza, "Mzee Ambindwile, niandike wangapi?"

Nikasema, "Andika hakuna."

"Wale arobaini?"

"Hakuna."

"Na bonde?"

"Bonde nilikuwa naonyesha kwa mkono tu. Ni la watu."

Kasim akanitazama. "Hata yule mweusi?"

"Yule ni wangu."

"Na ndama wake? Gavana?"

"Wangu."

"Kwa hiyo mgeni ulimpa nini siku ile?"

Meshaki akaacha kuandika. Kasim akajijibu mwenyewe, "Ulimpa kamba." Unamjua Kasim, jambo la hivyo angelicheka mpaka mwezi unaofuata. Hakucheka. Akachukua kalamu akatia saini, akasema, "Mimi nimeandika nilichosikia."

Meshaki akasema inafaa niongeze maneno kwa mkono wangu mwenyewe kuonyesha mimi ni nani. Nimeandika kwamba mimi ni mtu mdogo, nina eneo dogo, na sijawahi kuwa na ng'ombe wa kumpa mtu. Utayaona hapo chini. Herufi zimepinda kwa sababu meza yao ina mguu mmoja mfupi.

Maneno yametoka nje ya ofisi kabla yangu. Wale vijana sasa wananiita Mzee Kamba. Yule bwana wa udiwani amenipita na pikipiki, hakusimama. Mzee mmoja wa Lupepo ambaye marehemu baba alimfugia ng'ombe miaka mingi alinikuta njiani, akanisalimu, halafu akaniuliza polepole kama ni kweli nimekana ng'ombe wa rafiki. Nikamwambia ni kweli. Akasema haya, ndaga, kama mtu anayeshukuru, akaenda zake. Kanisani nimerudi benchi la nyuma, karibu na mlango. Hewa ni nzuri pale.

Veronika alichukua ndoo akaenda kukamua. Maziwa ya jioni ile sikunywa, nikasema tumbo limejaa gesi.

Msumari nimeung'oa.

Ukiona karatasi haitoshi niambie, nitaandika nyingine. Naweza kujipunguza zaidi.

Mjomba wako

*

Hosteli ya chuo
29 Juni 2025

Mjomba, shikamoo. Mwamkie na mama.

Pasipoti wamenirudishia. Karatasi waliitafsirisha kwa mtu mwingine, wakaniita, wakaniambia jambo la Masukulu limefungwa. Yule mkubwa wao alisema una mwandiko wa mtu mkweli. Nikashukuru. Nilitoka nje nikasimama langoni sijui muda gani, halafu nikaenda kununua tambi nikala. Nitafika Mbeya tarehe kumi na sita mwezi wa nane, Mungu akipenda. Mwambie mama ayatoe mashuka.

Wiki iliyopita walimwonyesha kwenye televisheni mahakamani. Nywele zote nyeupe. Nilidhani wamekosea mtu. Rafiki yangu wa hostelini akaniambia walikuwa wanazipaka rangi, wote huzipaka, na huko ndani hakuna wa kuwapaka. Alisimama akasema anakubali hukumu na hatakata rufaa. Kifungo miaka kumi na mitatu. Baada yake ikaja habari ya mafuriko.

Niliyasikiliza mashtaka yote mpaka mwisho. Nyumba, viwanja, majina ya wajenzi. Ng'ombe hawakutajwa.

Sijui kama alionyeshwa ile karatasi. Usiniulize, mjomba.

Kuna jambo sikukuandikia wakati ule. Agosti, kabla ya yote, nilikutana naye kwenye korido, watu wengi wako naye. Alisimama. Alikuwa amekonda. Akauliza tena kama ng'ombe wake hajambo. Barua yako ya kwamba amepandwa ulikuwa bado hujaiandika. Nikamwambia hajambo. Akaitikia kwa kichwa, wakampitisha.

Felista

*

Masukulu
20 Julai 2025

Mpwa wangu,

Mashuka yametoka. Yako juani tangu Jumatano, na jua lenyewe halipo. Mama yako ameshonesha na pazia. Goti limepona lote kwa siku moja.

Ukifika usipande gari la usiku kutoka Mbeya, nitakuja kukupokea stendi. Uje na buti, kwetu njia imeharibika.

Ulisema nisikuulize, kwa hiyo sijauliza.

Yule mweusi alizaa mwezi wa tatu. Jike tena. Sikukuandikia kwa sababu ulinikataza habari za ng'ombe. Kasim alikuja kumtazama akaniambia, "Ambindwile, kama ni wako kweli niuzie huyu mdogo." Nikamwambia, "Ni wangu ndiyo maana siuzi." Akatazama zizi. Wale watatu wako upande wa chini, peke yao, na kiunzi katikati kuwatenga na wengine, kama walivyokuwa siku zote. Aliona. Akasema bei ya nyama imepanda, akaaga. Jioni akaniletea majani ya viazi mzigo mzima, akaumwagia upande ule ule wa chini.

Hesabu darasani ilinipita mbali, lakini hii nimeipiga kwa mahindi sakafuni, Veronika anafagia kuzunguka miguu yangu. Mweusi, Gavana, na huyu mdogo ambaye sijampa jina. Miaka kumi na mitatu. Kila jike azae, na majike wake wazae. Nimetoa wa kufa. Nimetoa madume. Nimetoa mwaka mmoja wa ugonjwa.

Wanafika arobaini, Felista. Wanazidi kidogo.

Nimeanza kusogeza ua wa zizi upande wa mtoni. Watu wakiniuliza nawaambia nguzo zilioza.

Ambindwile